Dhoruba na Safari ya Mchanga: Namna Tufani Zinavyobomoa, Kujenga na Kuhifadhi Kumbukumbu katika Fukwe za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna dhoruba zinavyosafirisha, kupanga na kuhifadhi mashapo katika fukwe, kwa kuzingatia zaidi pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Lamu hadi kaskazini ya Msumbiji. Hoja kuu ni kwamba dhoruba haili mchanga, bali huuhamisha. Ufukwe hurejea au hupotea kwa kutegemea mahali mchanga ulikopelekwa, na kama njia yake ya kurudi imeachwa wazi. Aidha, mchanga unaobaki nchi kavu baada ya dhoruba ni kumbukumbu ya matukio ambayo hayakupimwa wala kuandikwa na mtu yeyote. Makala yanapendekeza kwamba akiba ya mchanga na kumbukumbu hiyo vizingatiwe pamoja katika upangaji wa matumizi ya pwani.

1. Utangulizi

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikabomoa sehemu kubwa ya mji, ikazamisha vyombo vilivyotia nanga bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani Barghash bin Said, na ikang'oa mikarafuu mashambani. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Matukio haya yanajulikana vyema, lakini ni machache mno kuweza kumsaidia mshauri wa sera anayeulizwa swali jepesi kutamka na gumu kujibu: tufani kama ile ya 1872 hurudi baada ya muda gani?

Uchache huo una sababu mbili. Ya kwanza ni ya kimaumbile. Karibu na ikweta, nguvu ya Coriolis, itokanayo na mzunguko wa dunia, ni dhaifu mno kuuwezesha upepo kujizungusha hadi kuwa kimbunga. Na vimbunga vingi vinavyotoka mashariki hukutana na Madagaska kabla ya kulifikia bara. Sababu ya pili ni ya kikumbukumbu: vipimo vya hali ya hewa katika pwani yetu ni vya muda mfupi ukilinganisha na mwenendo wa matukio ambayo huenda hutokea mara moja katika karne au zaidi. Kukosekana kwa tukio katika daftari si ushahidi kwamba halikutokea.

Makala haya yanajibu maswali mawili yanayohusiana. La kwanza: dhoruba hufanya nini hasa kwa mchanga wa ufukwe? La pili: alama zinazobaki zinaweza kutueleza nini kuhusu dhoruba zilizopita? Ni muhimu kuyajibu pamoja, kwa kuwa uharibifu wa mchanga huathiri kinga ya pwani na kumbukumbu yake kwa wakati mmoja.

2. Ufukwe wakati wa utulivu

Mchanga wa fukwe zetu una asili mbili. Mito kama Tana, Sabaki, Ruvu, Rufiji na Ruvuma huleta kutoka bara chembe za kwatzi pamoja na madini mengine. Bahari nayo huzalisha mchanga wa chokaa kutokana na matumbawe yaliyovunjika, makombe, na mwani wenye chokaa kama vile Halimeda. Kwa sababu hiyo fukwe za mashariki ya Unguja ni nyeupe, ilhali ufukwe wa Malindi hubeba rangi ya udongo unaoletwa na Sabaki. Tofauti hii ina uzito wa kisera: ufukwe wa kwatzi hutegemea afya ya mto, na ufukwe wa chokaa hutegemea afya ya mwamba.

Hata pasipokuwa na dhoruba, mchanga hautulii. Wakati wa Kusi, mawimbi yanayokuja kwa mshazari kutoka kusini mashariki husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Wakati wa Kaskazi mwelekeo hugeuka. Ufukwe ule ule unaweza kunenepa msimu mmoja na kukonda msimu mwingine. Mtafiti anayepima mara moja kabla ya dhoruba na mara moja baadaye, bila kujua mabadiliko ya kawaida ya msimu, anaweza kuilaumu dhoruba kwa kazi ya pepo za kila mwaka, au kuzilaumu pepo kwa kazi ya dhoruba.

Katika majira ya utulivu mawimbi huwa mafupi kwa kimo na yenye vipindi virefu. Wimbi la namna hiyo hupanda ufukweni likiwa na chembe za mchanga, na kwa kuwa sehemu ya maji yake hunywewa na ufukwe, linaporudi halina nguvu ya kubeba chembe zote. Mchanga hujikusanya na kujenga bega la ufukwe, yaani jukwaa la mchanga lililo karibu na kikomo cha maji kujaa. Nyuma yake upepo huchukua mchanga mkavu na kujenga matuta, ambayo hushikiliwa na mimea itambaayo kama vile Ipomoea pes-caprae. Bega na matuta ndiyo akiba ambayo ufukwe huitumia siku ya dhoruba.

3. Kazi ya dhoruba

Dhoruba hubadili mambo mawili kwa wakati mmoja: kimo cha maji na umbo la mawimbi. Maji hupanda kwa sababu kadhaa zinazojumlishwa. Kanieneo la hewa linaposhuka, uso wa bahari huinuka kwa takriban sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1. Kimbunga kinachoshusha kanieneo kwa hektopaskali 30 huinua bahari kwa karibu sentimita 30 kwa sababu hiyo pekee. Upepo unaovuma kuelekea pwani hurundika maji zaidi, na mawimbi yanayovunjika huongeza kimo kingine karibu na ufukwe.

Katika pwani yetu, hata hivyo, jumla hiyo haieleweki bila kuitazama saa ya maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika mwambao wa Zanzibar hufikia takriban mita 4. Dhoruba inayofika maji yakiwa yamekupwa humalizia nguvu zake kwenye ukingo wa mwamba, mbali na ufukwe. Dhoruba hiyo hiyo ikifika wakati wa kilele cha bamvua, mawimbi hupita juu ya mwamba na kuupiga ufukwe yakiwa na nguvu nyingi. Dhoruba fupi inaweza kukosa kabisa saa ya maji kujaa; dhoruba iendayo polepole hupitia vipindi kadhaa vya kujaa na kupwa, na madhara yake hujilimbikiza. Hivyo kasi ya upepo pekee haitoshi kutabiri hali ya ufukwe baada ya dhoruba.

Asbury Sallenger, katika mizani aliyoipendekeza mwaka 2000, aligawa athari za dhoruba katika ngazi nne kwa kulinganisha kimo cha maji na kimo cha ufukwe na tuta. Katika ngazi ya kwanza mawimbi huishia ufukweni. Katika ya pili hugonga mguu wa tuta. Katika ya tatu huvuka kilele cha tuta. Katika ya nne eneo lote hufunikwa na maji. Mizani hii ni muhimu kwa sababu inaonyesha kwamba kila ngazi huupeleka mchanga mahali tofauti.

Katika ngazi mbili za kwanza mchanga huelekea baharini. Mawimbi ya dhoruba ni marefu kwa kimo na hufuatana upesi, hivyo ufukwe hulowa na kushindwa kunywa maji zaidi. Maji yaliyorundikana hurudi kwa mkondo upitao karibu na sakafu, yakibeba mchanga hadi mahali mawimbi yanapovunjika, na huko hujenga fungu lililozama. Ufukwe hubaki umelala zaidi, na nyuma yake hubaki genge la mchanga lililokatwa wima. Anayeliona genge hilo huona hasara. Fungu lililo chini ya maji halionekani kwa macho. Ilhali fungu hilo hufanya kazi ya ulinzi: mawimbi yanayofuata huvunjika juu yake kabla ya kufika ufukweni. Ufukwe unaobomoka katika saa za mwanzo za dhoruba unajijengea ngao kwa saa zinazofuata.

Mchujo huu huacha alama. Chembe nyepesi za kwatzi na chokaa huchukuliwa kwanza, na madini mazito kama vile ilmenaiti, magnetaiti na ganeti hubaki nyuma yakiwa utando mweusi au mwekundu juu ya ufukwe uliopunguzwa. Mchanga mweupe unaporudi baadaye huufunika utando huo. Mtu achimbaye shimo katika ufukwe wa namna hiyo huona mistari ya rangi iliyokoza, ambayo mingi ni nyuso za mmomonyoko wa zamani.

Katika ngazi ya tatu na ya nne mchanga huelekea bara. Maji yanayopenya penye pengo la tuta hubeba mchanga na kuutandika juu ya wangwa, mikoko au ziwa dogo la nyuma. Tandiko hilo huwa jembamba penye pengo na hupanuka kadiri linavyokwenda bara. Mara nyingi mchanga huo haurudi tena baharini. Kwa ufukwe wenyewe hiyo ni hasara. Kwa ukanda mzima wa pwani ni ujenzi, maana ardhi ya nyuma imeinuliwa. Na kwa mtafiti, tandiko hilo lililofunikwa na tope la miaka inayofuata ndilo andiko linalodumu.

4. Kurejea kwa mchanga na vizuizi vyake

Mwaka 1950 Francis Shepard alieleza mzunguko wa fukwe za kusini ya California, ambazo hupungua kwa mawimbi makali ya majira ya baridi na kurejea katika majira ya joto. Kanuni hiyo hufanya kazi popote fungu lililojengwa na dhoruba lilipo katika kina ambacho mawimbi ya kawaida yanaweza kulifikia. Baada ya dhoruba mawimbi mapole hulisukuma fungu kuelekea pwani, likitanguliwa na handaki la maji linaloonekana wakati wa maji kupwa, mpaka linapoungana na ufukwe na kuwa bega jipya. Mistari ya vighuba vidogo vyenye pembe, ambayo dhoruba ilikuwa imeifuta, hujichora tena.

Hatua hizi hazilingani kwa muda. Bega linaweza kurejea katika wiki au miezi. Tuta huchukua miaka, kwa kuwa linahitaji bega pana la mchanga mkavu, upepo na mimea. Dhoruba ya pili ikija kabla tuta halijarejea, huukuta ufukwe hauna akiba, na tukio la nguvu ya wastani linaweza kuleta madhara makubwa kuliko lililotangulia.

Kurejea hushindikana kwa sababu za kimaumbile au kwa mikono ya watu. Kimaumbile, mchanga uliobebwa hadi kina kisichofikiwa na mawimbi ya kawaida, au uliotoka kupitia mlango wa mwamba na kuanguka katika maji makuu, umepotea kwa ufukwe husika. Kwa upande wa binadamu, ukuta uliojengwa juu ya ufukwe hufungia akiba nyuma yake, hurudisha nguvu ya mawimbi kwenye mchanga uliobaki mbele, na mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani asiye na ukuta.

Kisa cha Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kinafahamika vyema katika eneo letu. Ufukwe huo umemomonyoka kwa miongo kadhaa hadi hoteli kuachwa na makingamaji kujengwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyoulisha ufukwe. Funzo lake ni kwamba uharibifu hutendeka mtoni, kilomita kadhaa kutoka baharini, na huonekana ufukweni siku ambayo mawimbi makali yanadai akiba isiyokuwepo. Lori la mchanga linalotoka kijitoni siku ya utulivu halihusishwi na nyumba inayoanguka siku ya dhoruba, ingawa matukio hayo mawili ni sehemu za hesabu moja.

5. Fukwe zilizo nyuma ya mwamba

Pale mwamba wa matumbawe unapoikinga pwani, dhoruba huwa na malighafi nyingine: vipande vya matumbawe. Mfano mashuhuri unatoka Funafuti, Tuvalu. Oktoba 1972 kimbunga Bebe kilirusha juu ya mwamba ukuta wa vifusi vya matumbawe wenye urefu wa takriban kilomita 19 na kimo kilichofikia karibu mita 4. Katika miaka iliyofuata mawimbi ya kawaida yaliusogeza ukuta huo kuelekea visiwani, na sehemu yake ikaungana na ardhi. Kisiwa kiliharibiwa na kujengwa na tukio lile lile.

Fundisho hilo lihamishiwe kwetu kwa uangalifu. Ujenzi wa namna hii hutegemea mwamba ulio hai unaoendelea kuzalisha chokaa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi Magharibi. Mwamba uliokufa unaweza kutoa vifusi vingi kwa muda, lakini hauvirudishii. Na unapopungua kimo, maji yaliyo juu yake huwa na kina kikubwa zaidi na mawimbi makubwa zaidi hufika ufukweni.

6. Kumbukumbu ndani ya matabaka

Kama dhoruba huacha mchanga mahali pasipo pake, basi mchanga huo unaweza kuhesabiwa. Mwaka 2001 Jonathan Nott na Matthew Hayne walichapisha uchunguzi wa matuta ya vifusi vya matumbawe yaliyopangana sambamba katika kisiwa cha Curacoa, pwani ya Queensland, Australia. Kwa kupima umri wa matuta hayo kwa kaboni mionzi walionyesha kwamba vimbunga vikubwa mno katika eneo lile vilitokea takriban kila baada ya miaka 200 hadi 300 katika kipindi cha miaka 5,000, ilhali makadirio ya awali yalidhani hutokea mara moja katika milenia kadhaa. Hapo matuta yalibadilisha makadirio ya hatari kwa takriban mara kumi.

Katika pwani yetu kazi ya namna hiyo inakabiliwa na swali la ziada: tandiko la mchanga lililo bara ni la dhoruba au la tsunami? Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu wengi Somalia, na ilifika pia Kenya na Tanzania. Kwa hiyo swali hili si la nadharia. Mchanga wenyewe hutoa vigezo. Dhoruba hutuma mamia ya mawimbi kwa saa nyingi, hivyo tandiko lake huwa na vitabaka vingi vyembamba, huwa nene karibu na ufukwe na huisha upesi kuelekea bara. Tsunami hutuma mawimbi machache yenye ujazo mkubwa. Tandiko lake mara nyingi huwa jembamba, huenea mbali bara, huwa na chembe zinazopungua ukubwa kutoka chini kwenda juu, na hubeba mabonge ya tope yaliyong'olewa njiani. Hakuna kigezo kimoja kinachotosha. Hukumu hutokana na vigezo vikitazamwa pamoja na umbo la mahali.

Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba karibu na Pangani, Tanzania, walichunguza tabaka la mchanga lenye umri wa takriban miaka 1,000, ambalo ndani yake mlikuwa na mabaki ya watu. Baada ya kulinganisha vigezo vya mashapo na mifano ya kihesabu walihitimisha kwamba ni tsunami, si dhoruba. Kinachostahili kuzingatiwa na washauri wa sera ni kwamba tabaka hilo lilionekana kwa sababu mabwawa ya samaki yalichimbwa. Uchimbaji huo huo, pasipo mtazamaji, ungelifuta.

Kumbukumbu hii ina mipaka. Dhoruba kubwa hufuta alama za ndogo zilizotangulia. Dhoruba iliyofika maji yakiwa yamekupwa haiandiki chochote bara. Kwa hiyo idadi ya matandiko ni idadi ya chini kabisa ya dhoruba zilizotokea, na isichukuliwe kuwa hesabu kamili.

7. Maana yake kwa sera

Kwanza, mchanga uhesabiwe kwa mfumo mzima, kutoka mtoni hadi fungu lililozama. Kibali cha kuchimba mchanga kijitoni ni uamuzi kuhusu kinga ya pwani, hata kama kinatolewa na ofisi isiyoshughulika na bahari.

Pili, umbali wa ujenzi uzingatie ushahidi wa mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Kiwango hicho kimoja kina faida ya uwazi na kiendelee kuwa kima cha chini. Lakini pale ambapo matandiko ya zamani yanaonyesha kwamba bahari ilivuka tuta na kufika mbali zaidi, kumpa mjenzi kibali katika mita ya 61 ni kumpa uhakika ambao mchanga wenyewe unaukanusha. Kadhalika, ufukwe unaposogea, mahali pa kuanzia kupima husogea nao.

Tatu, baada ya kila dhoruba pawepo utaratibu wa kupima umbo la ufukwe na kuchora mipaka ya matandiko kabla hayajasafishwa. Vipimo hivyo havihitaji vifaa vya gharama. Vinahitaji kufanywa mapema, na kurudiwa katika Kusi na Kaskazi ili mabadiliko ya msimu yatenganishwe na ya dhoruba. Hidaya, Kenneth na vitakavyofuata ndivyo vielelezo vya kusomea matabaka ya zamani.

Nne, mawangwa na maziwa madogo ya nyuma ya matuta yachunguzwe kabla ya kugeuzwa kuwa mabwawa ya chumvi au ya samaki. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, unaoziunganisha nchi za Bahari ya Hindi Magharibi katika kulinda mazingira ya pwani, ni jukwaa lililopo tayari kwa kazi hiyo. Kimbunga hakisimami mpakani, wala mchanga unaosukumwa na Kusi.

8. Hitimisho

Dhoruba hupanga upya mashapo: baadhi huyaweka akiba chini ya maji, mengine huyatandika bara, na mengine huyapoteza katika kina. Kazi hiyo imeendelea tangu pwani ilipochukua umbo lake, na fukwe zimedumu kwa sababu mchanga uliweza kurudi. Kilicho kipya katika zama zetu ni kwamba tunachukua akiba na kufunga njia, na papo hapo tunafukua kumbukumbu ambayo ingetuonya. Jibu la swali la 1872 huenda limelala katika mawangwa ya pwani hii, sentimita chache chini ya tope. Litapatikana iwapo utafiti utatangulia chepeo.